Foleni Inayowafukuza Wenye ADHD

Barua ilifika mwezi Machi, ndani ya bahasha ya kahawia, ikinitaka nithibitishe katika muda wa siku 14 kwamba bado nahitaji kupimwa ADHD. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaiweka juu ya friji nisije nikaisahau, na nilipoikuta tena ilikuwa na alama ya duara la kikombe cha chai na siku 23 zilikuwa zimeshapita. Kliniki ambayo nilikuwa nimeingojea kwa zaidi ya miaka miwili ilikuwa imekwisha kulifuta jina langu. Sijaona kipimo cha ADHD kilicho sahihi kuliko hicho, ila majibu yake hayakuandikwa popote.

Ninaishi Leicester, Uingereza, na nimezaliwa Tanga. Kwa asiyeifahamu, ADHD ni hali ya ubongo, ambayo mara nyingi huenda katika ukoo, inayomfanya mtu apate taabu ya kuelekeza akili pale inapotakiwa, kukadiria muda, na kujizuia anapopata msukumo wa ghafla. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa shida ya watoto watundu tu. Hata NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa, ilipotoa uamuzi wake kuhusu dawa ya methilfenideti mwaka 2000 iliwazungumzia watoto. Mwongozo uliowatambua watu wazima ulikuja mwaka 2008. Huduma za watu wazima zilianza zimechelewa na hadi leo hazijafikia mahitaji. Takwimu zilizotolewa mwaka 2025 zilikadiria kwamba zaidi ya watu nusu milioni, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakisubiri kupimwa katika England peke yake, na jopo la wataalamu lililoundwa na uongozi wa huduma ya afya, likiongozwa na Profesa Anita Thapar, lilisema wazi mwaka huohuo kwamba hali hii haitambuliwi wala kutibiwa inavyostahili.

Wapo wanaosema kwamba siku hizi kila mtu anajidai ana ADHD. Sibishi kwamba jina hilo linatajwa ovyo mitandaoni, lakini dawa ya madai ya ovyo ni kupimwa vizuri, na kupimwa vizuri ndiko kunakokosekana.

Hoja yangu ni nyembamba zaidi ya hiyo. Huduma hii imejengwa kwa namna inayomdai mgonjwa vile vitu hasa ambavyo ugonjwa umemnyima: kujaza fomu ndefu, kutunza barua, kukumbuka tarehe, kupiga simu saa mbili kamili asubuhi na kungoja kwenye laini bila kukata. Anayekosa miadi mara moja aweza kurudishwa kwa daktari wake wa familia aanze upya, na kwenye karatasi ataonekana kuwa mtu asiyehitaji msaada. Huwezi kumwekea kiwete ngazi, kisha ukaandika kwamba hakutaka kupanda.

Mimi hatimaye nilipita mlango mwingine, ile haki ya kuchagua inayomruhusu mgonjwa wa England aombe kupelekwa kwa mtoa huduma binafsi kwa gharama ya umma. Hapo nikadaiwa ushahidi kwamba dalili zilikuwepo kabla sijatimiza miaka 12. Ripoti zangu za shule ya msingi zililiwa na mchwa zamani, kwa hiyo nilimpigia mama simu nikawa namtafsiria fomu ya Kiingereza, swali moja baada ya jingine.

“Je, nilikuwa nikiwakatiza watu wanaozungumza?”

“Mwanangu, mtoto gani hakatizi?”

“Nilikuwa nikipoteza vitu?”

Akacheka. “Viatu vya shule jozi tatu kwa mwaka mmoja. Baba yako alisema una mapepe, tukakuombea dua.”

Neno hilo, mapepe, lilikuwa limebeba nusu ya fomu, lakini hapakuwa na kisanduku cha kuliandika. Mhamiaji ambaye mama yake hayupo tena, au hana simu, au anaona aibu kumsema mwanawe mbele ya wageni, anaanza akiwa na upungufu wa ushahidi usio kosa lake.

Baada ya kupatikana na ADHD nilidhani mambo yamekwisha. Daktari bingwa huanzisha dawa, kisha huomba daktari wa familia aendelee kuiandika chini ya makubaliano ya matunzo ya pamoja, na daktari wa familia ana hiari ya kukataa. Wangu alikataa kwa barua ya mistari minne. Kwa kuwa dawa nyingi za ADHD zinadhibitiwa vikali kisheria, cheti cha dawa hizo hakidumu zaidi ya siku 28 na kwa kawaida hutolewa dozi ya mwezi mmoja tu, basi kila mwezi mtu msahaulifu hulazimika kukumbuka tena. Mwezi Septemba 2023 dawa zenyewe ziliadimika nchi nzima, na madaktari wakaagizwa wasiwaanzishie wagonjwa wapya zile zilizoadimika.

Ndiyo maana kampeni za kuongeza uelewa, zenye riboni na picha za ubongo wa rangirangi kila Oktoba, zinanichosha kidogo. Uelewa tunao wa kutosha kuanzia kazi. Ninachotaka tudai ni kwamba asifutwe mtu kwenye orodha kabla hajatumiwa ujumbe wa simu na kupigiwa walau mara mbili. Kwamba makubaliano ya matunzo ya pamoja yawe wajibu wenye malipo yake, maana madaktari wa familia nao hawawezi kubebeshwa kazi bure. Na kwamba maelezo ya mzazi yapokelewe kwa lugha yake, kukiwa na mkalimani aliyelipwa, badala ya mtoto kuutafsiri yeye mwenyewe ushahidi unaomhusu.

Nimemwandikia mbunge wetu mara mbili kwa barua pepe, na nimejibiwa mara moja tu, kwa adabu. Barua ya tatu inaomba kliniki zilazimishwe kutangaza ni watu wangapi zimewafuta kwa sababu ya kutojibu barua. Hiyo nitaipeleka ofisini kwake Ijumaa kwa mkono wangu, na nimeshamwomba jirani anigongee mlango saa tatu.