Mahari ya hela, mahari ya pesa

Aisee mahari ya bro wangu nusura ivunjikie Iringa pale Kihesa, na si kwamba hatukuwa na kitu, bahasha nilikuwa nayo mimi mwenyewe mfukoni, shida ilikuwa mshenga. Mshenga wetu ni baba mdogo, na baba mdogo ana ugonjwa wa asili ya maneno. Tumepanda basi Mbeya alfajiri, kabla hatujafika Makambako ameshatuambia meza na leso ni za Wareno, gari ni la Wahindi, shule ni ya Wajerumani, kufika Mafinga abiria wa siti ya mbele yake kahamia nyuma kabisa kwa makonda.

Ukweni tukapokelewa na kamwene nyingi, ndio salamu yao, halafu faini ya kuchelewa. Shangazi mtu kakaa na kauntabuku na biro nyekundu, ukikohoa vibaya anaandika. Mzee akauliza, haya, mmekuja na nini? Baba mdogo akajibu, tumekuja na hela.

Angeishia hapo tungekuwa tumekula wali saa saba.

"Ila wazee wangu, hela mnajua imetoka wapi?" Nikamkanyaga mguu, wapi. Akaanza, hela ni heller, sarafu ya Mjerumani, ilianza hapa kwetu 1904, rupia moja ikawa heller 100, na kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64, hiyo pesa nayo ni paisa ya Wahindi, na vita ilivyowabana Wajerumani 1916 wakawa wanagonga hela zao kwenye karakana ya reli Tabora...

Mzee mmoja pembeni akamkata. "Mjerumani? Umemwingiza Mjerumani humu?" Jamani hao ni Wahehe, watu ambao chifu wao Mkwawa alipigana na Mjerumani mpaka akajiua 1898, fuvu likapelekwa huko kwao likarudi 1954, wewe unakuja kuwasifia sarafu! Biro nyekundu ikatembea, elfu kumi.

Mimi nikajua yameisha, kumbe babu wa binti alikuwa kimya muda wote anapiga hesabu kidoleni. Akaomba ile karatasi ya makubaliano, akavaa miwani, akasoma taratibu: "pesa taslimu, milioni moja." Akatuangalia. "Mshenga, umesema mmeleta nini?"

"Hela, mzee."

"Na rupia ni pesa 64 au hela 100, si ndivyo ulivyotufundisha? Basi pesa ni kubwa kuliko hela. Sisi tuliandika pesa milioni moja, hiyo ni hela milioni moja laki tano na elfu sitini na mbili na mia tano. Mnadaiwa 562,500."

Nyumba nzima kimya. Shangazi keshaandika tayari, na mstari chini kapiga mara mbili!! Baba mdogo anafungua mdomo anafunga, maana hesabu iko sawa na data ni zake mwenyewe, atabisha nini? Kilichoniuma ni kwamba nilimwona anatabasamu, yaani amefurahi kupata mwanafunzi anayesikiliza.

Tukatoka nje kwenda "kuteta", tukarudi tumepiga magoti kwa bibi, maana bibi ndio alikuwa anacheka mpaka kanga imedondoka. Bibi akasema hilo deni ligeuzwe mbuzi mmoja, alipe mwenye historia. Mwenye historia mfukoni ana nauli tu ya kurudia, kwa hiyo mbuzi nikanunua mimi, na kwa bei waliyotaka wao, maana mnunuzi aliyevaa suti hana pa kuombea punguzo.

Juzi nimemtumia meseji, baba mdogo naomba basi ile hela ya mbuzi. Kanijibu na voisi ndefuu, nikajua anapanga malipo, nimesikiliza mpaka mwisho: neno deni limetoka kwa Waarabu.