Git kwa anayeanza kuandika programu: mapema, au asubiri?

Siku hizi mtu anaanza kujifunza kuandika programu, hata vitanzi (amri zinazojirudia) hajavielewa, tayari anaambiwa afungue akaunti ya GitHub, tovuti ya kuweka na kushirikishana kazi zinazotunzwa kwa Git. Wako wanaotaka Git, programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko ya mafaili, iwepo tangu zoezi la kwanza, kwa kuwa kazini ataikuta kila siku. Wengine wanataka aachwe kwanza apambane na lugha yenyewe.

Hoja ya hao wa pili ina uzito. Git haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye faili moja la mistari 20. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitumia kwa kazi hiyo, na alichokuwa akikifikiria ni maelfu ya mafaili na watu waliotapakaa duniani. Ugumu uliotokana na hapo haujaisha. Mwanafunzi akiandika git commit, amri ya kuhifadhi hatua, akasahau -m ya kuwekea ujumbe, mara nyingi anajikuta ndani ya Vim, kihariri cha maandishi, na hajui anatokaje. Amri ya git checkout ilikuwa inabeba kazi mbili, kubadili tawi (mkondo tofauti wa kazi ileile) na kurudisha faili lilivyokuwa. Mwaka 2019 zikaja git switch na git restore kuzitenganisha, lakini mafunzo mengi ya zamani bado yanafundisha ile ya mwanzo. Na GitHub nayo, tangu Agosti 2021, haipokei nenosiri la akaunti unapotuma kazi kwa amri: inataka tokeni (msimbo maalumu badala ya nenosiri) au ufunguo wa SSH (faili la siri la kukutambulisha). Jioni inaisha hivyo, zoezi lenyewe halijaguswa.

Ila vingi vya vikwazo hivyo vinatokana na matawi na kutuma kazi mtandaoni. Git yenyewe inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, hata bando likiwa limekwisha. Mjadala mzima umevurugwa na mazoea ya kuifanya Git na GitHub kitu kimoja.

Chukua zoezi la FizzBuzz: chapisha namba 1 hadi 100, inayogawanyika kwa 3 iwe Fizz, kwa 5 iwe Buzz, kwa zote mbili FizzBuzz. Wengi huanza na sharti la 3, kwa hiyo 15 inatoka Fizz tu, na sharti la mwisho halifikiwi kamwe. Sasa mwanafunzi ahifadhi hatua hiyo kwa git commit, kisha alipandishe juu sharti hilo la mwisho, la 15. Git diff inamwekea mistari iliyoondoka kwa alama ya kutoa na iliyoingia kwa alama ya kujumlisha. Anaona kwa macho yake kwamba hesabu hakuigusa, kilichohama ni mpangilio tu. Ctrl+Z ingemrudisha nyuma bila kumweleza lolote. Halafu kuna ule ujumbe wa komiti, maelezo mafupi ya kila hatua iliyohifadhiwa: anayeandika "nimerekebisha" hajajifunza kitu, lakini anayeandika "sharti la 15 limepanda juu ya la 3" amelielewa kosa lake. Kwangu faida kubwa iko hapa, kuliko hata kulinda kazi isipotee.

Wasiwasi nilionao ni wa vile visanduku vya kijani kwenye ukurasa wa GitHub, vinavyoonyesha siku ulizotuma kazi. Vinamshawishi mtu atume chochote, hata nafasi tupu mwishoni mwa mstari, ilimradi siku isipite bila rangi. Na majibu ya mazoezi yakishawekwa hadharani, anayefuata anayanakili.

Ningempa anayeanza amri tano tu wiki ya kwanza: init (kuanzisha), add (kuchagua cha kuhifadhi), commit, diff na log (kuona historia). GitHub isubiri mpaka awe na mradi wa watu wawili, maana alama za <<<<<<< katikati ya faili, ambazo Git huziweka mabadiliko mawili yakigongana, humkuta kwa nadra anayefanya kazi peke yake kwenye tawi moja. Anayejifunzia kwenye simu ningemwacha hata hizo tano kwa muda. Git inaingia kupitia Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu za Android, ni kweli, lakini kuchapa amri kwa kidole gumba huku kibodi imefunika nusu ya kioo kunamla nguvu ambazo bado anazihitaji kwenye vitanzi.