Panya wa maabara awe msafi kabisa au abaki na bakteria zake?

Utafiti ukirudiwa ukatoa majibu mengine, watu wanakimbilia kusema jamaa alipika data, kumbe saa nyingine tatizo ni bakteria tu wa tumboni mwa panya. 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua panya wa ukoo mmoja, C57BL/6, jeni karibu zilezile, ila wengine wametoka Jackson na wengine Taconic, hao ni wafugaji wakubwa wa panya wa maabara kule Marekani. Wakawapandikiza kansa ya ngozi, ikakua haraka zaidi kwa wale wa Taconic. Wakiwaweka kizimba kimoja kwanza ndo wawapandikize, tofauti inapotea, manake panya wanakula mavi ya wenzao na bakteria wanahamia humo humo.

Sasa ubishi ndo unaanzia hapo. Kuna wanaotaka usafi zaidi, panya wote wawe na bakteria walewale wanaojulikana, maana bila hivo utajuaje kilicholeta matokeo ni dawa yako au ni kizimba? Kama unatafuta jeni fulani inafanya kazi gani, hao wako sahihi.

Wengine wanakwambia panya msafi hivo hafanani na binadamu. 2006 London vijana sita waliojitolea walipewa TGN1412, dawa ya majaribio ya kuamsha kinga ya mwili iliyoonekana salama kwa wanyama, kinga zao zikavurugika na wote wakaishia chumba cha mahututi. Halafu 2019 timu ya mtafiti Barbara Rehermann pale NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ikaonyesha panya wenye jeni za maabara lakini waliozaliwa na mama wa porini, wakachukua bakteria zake, walipopewa dawa ya aina ile kinga ikavurugika kama ya binadamu, wakati wale wasafi walitulia tu. Inavutia, ila tusidanganyane, dawa ile ilipita hata kwa kima na kule shida ilikuwa seli za kima wenyewe, haziitikii dawa ile kama zetu, usafi hauhusiki. Na porini hakufanani, bakteria wa huku sio wa kule, maabara nyingine itarudiaje jaribio lako?

Mi naona wa porini watumike hatua ya mwisho kabla dawa haijafika kwa watu, basi. Kinachoniudhi ni ripoti inayotaja ukoo wa panya afu haisemi walinunuliwa wapi, au waliopewa dawa wanakaa kizimba kimoja na wasiopewa kingine. Si ulinganishe ndugu wa mama mmoja, uwagawe kwenye vizimba vingi? Hiyo haihitaji hata mashine mpya.