Nilimshona shosho ndani ya matatu

Wengine wakipanda matatu ya Rongai hulala. Mimi nilitoa sindano. Lang'ata Road ilikuwa imeganda, na blanketi la mtoto wa dada yangu lilikuwa limebakiza upande mmoja tu.

Nililikata kwenye shuka ya Kimaasai, sentimita 90 kwa 90. Shuka ikikatwa hufumuka, kwa hivyo nilikunja pindo la sentimita moja, nikalipiga bandi, yaani mishono mirefu ya kulishikilia kwa muda, kisha mshono wa blanketi juu yake: sindano inaingia sentimita moja kutoka ukingoni, inatokea ukingoni uzi ukiwa chini ya ncha, unavuta polepole mpaka kitanzi kilale. Mshono mmoja kila sentimita. Hula uzi mara tatu ya urefu wa ukingo, yaani karibu mita 11 kuzunguka lote. Uzi wa kudarizi huja mita 8 zenye nyuzi sita. Ukizigawa tatu tatu unapata mita 16. Hesabu hiyo niliipiga sawasawa. Ya mahali pa kushonea, la.

Ukiweka kadibodi chini, sindano ikizama unasikia inagonga. Mapajani haigongi kitu. Na matatu ilivyobana, leso ya shosho wa kando ilikuwa imenilalia pajani.

Tulipofika Wilson, shosho akasimama. Blanketi nalo likasimama.

"Kijana, mbona wanivuta?"

"Shosho, samahani. Tumeshikana."

Mishono 23, iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kushona. Huwezi kuifumua kwa kuvuta mwanzo wa uzi, maana kila kitanzi kimeshikwa na kinachofuata. Unavua sindano, unaanzia mshono wa mwisho na kurudi mmoja mmoja, ukichokoa kwa upande wa tundu ili ncha isipasue nyuzi. Wembe? Kwenye leso ya watu?

"Shosho, unashuka ama unabaki?" Konda hakungoja jibu.

Shosho akaketi, akavaa miwani, akaanza kukagua. "Hapa umekaza mno, ndiyo maana pindo limejikunja. Na kona hii, mbona mishono miwili? Ni mitatu, tundu moja." Ningebishaje, na nimemshona?

Wa mwisho uliachia Nyayo. Shosho akakung'uta leso, akashuka. Konda akaninyooshea mkono.

"Fundi, leta ya shosho. Wilson mpaka hapa, thelathini."