Jino kwenye tishu

Mtoto kaanguka mapumziko ya saa nne, jino la mbele limeng'oka. Mzazi anapigiwa simu saa nane, anakabidhiwa jino limefungwa kwenye tishu, kavu kama punje ya mahindi, tena limesuguliwa kwa sabuni "lisiwe na vijidudu". Jamani!

Mtoto wa miaka minane meno yake ya mbele kwa kawaida ni ya kudumu, halioti lingine. Kwenye mzizi kuna chembe hai zinazolishika jino na mfupa. Ukilisugua unazing'oa, ukilikausha zinakufa, na nusu saa nje ya kimiminika ni nyingi mno.

Lishike upande mweupe wa kutafunia, mzizi usiuguse. Lina mchanga? Lisuuze kwa maziwa au maji sekunde chache, lirudishe kwenye tundu lake, mtoto aling'ate kwa kitambaa safi. Ikishindikana, litie kwenye maziwa baridi (si mtindi), mkimbie kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto ndilo halirudishwi.

Pakiti ya maziwa ipo duka la jirani. Ila kwanza mzazi apigiwe simu saa nne ileile, si baada ya kengele ya kutoka.