Kofia ya gego si urembo

Dada yangu amenitumia picha ya barua aliyoandikiwa na kampuni ya bima ya kazini kwao, na tangu niisome sijatulia. Kampuni hiyo ililipia matibabu ya mzizi wa gego lake la chini bila maneno mengi. Alipoomba kofia ya jino hilohilo, yaani kile kifuniko kigumu kinachovishwa jino lote juu ya ufizi, ikakataa. Sababu iliyoandikwa ni sentensi moja: kofia ni huduma ya urembo. Ni gego la nyuma, ambalo hata akicheka kwa nguvu hulioni.

Barua imefika jino likiwa limeshang'olewa. Alipokuwa akijibizana nao kwa barua pepe, shimo lilikuwa limezibwa kwa ile dawa ya muda tu. Siku moja mchana, akila githeri kazini, gego likapasuka katikati. Daktari alipochunguza akakuta ufa umeshuka mzizini, chini ya usawa wa mfupa, na jino likifika hapo hakuna wa kuliokoa. Na kung'oa, bima ilikubali siku hiyohiyo.

Nina hasira kwa sababu jambo hili lilijulikana mapema. Gego linalofikia kutibiwa mzizi huwa limeshaliwa vya kutosha, mara nyingi kwenye zile kingo za pembeni zinazogusana na jino jirani. Kingo hizo ndizo pete za pipa, zinashika kuta za gego zisiachane. Kisha daktari hana budi kutoboa paa la jino ili afike kwenye kiini chenye neva, asafishe mifereji ya mzizi na kuijaza gutapacha, ule utomvu mgumu wa kuzibia. Akimaliza, maumivu yameisha lakini kuta zimebaki zimesimama bila kitu cha kuzifunga, na kila ukiuma zinasukumwa nje. Watu husema jino lililotolewa neva hukauka likawa jepesi kuvunjika. Ukavu si shida kubwa kama inavyodhaniwa. Nguvu ya jino hupotea kwa sababu sehemu kubwa ya jino lenyewe haipo tena. Kofia inazishika kuta zote kwa pamoja, zikabeba mzigo kama kitu kimoja.

Takwimu zilizonitia uchungu zaidi zimetoka kwenye madai ya bima yenyewe. Mwaka 2004, watafiti Salehrabi na Rotstein walichapisha uchambuzi wa meno 1,462,936 yaliyotibiwa mzizi nchini Marekani, wakitumia kumbukumbu za kampuni ya bima ya meno. Baada ya miaka 8, asilimia 97 ya meno hayo yalikuwa bado mdomoni. Walipoyachunguza yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia. Miaka miwili kabla ya hapo, Aquilino na Caplan walikuwa wameonyesha kwamba meno yasiyofunikwa baada ya matibabu hayo yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyofunikwa. Mtu anayekaa ofisini Upper Hill, Nairobi, akiandika masharti ya bima ya meno hawezi kusema habari hizi hazikumfikia. Ni kazi yake kuzijua.

Najua yupo atakayesema majaribio ya kulinganisha kofia na kuziba kwa kawaida ni machache mno kutoa hukumu ya mwisho. Sawa, ni machache. Jino la mbele ambalo bado lina mwili wake mwingi linaweza kuzibwa vizuri likadumu bila kofia, hilo pia nalikubali. Lakini mimi nazungumzia gego lililopoteza kingo zake, linalotafuna mahindi choma na njugu kila siku.

Kuna balaa la pili linalokuja polepole. Ile dawa ya muda imekusudiwa kukaa wiki chache. Ikilika au ikiachia ufa, mate yanapenya na bakteria wanarudi kwenye mifereji iliyosafishwa kwa gharama na jasho. Ray na Trope walipochunguza picha za eksirei za meno 1,010 mwaka 1995, walikuta kwamba ubora wa kile kilichozibwa juu ulihusiana zaidi na afya ya ncha ya mzizi kuliko hata ubora wa kazi iliyofanywa ndani ya mzizi. Kwa hiyo anayeahirisha kofia kwa sababu ya bima anaweza kuamka baada ya miezi na jipu kwenye ufizi, alaumu daktari aliyetibu mzizi, kumbe mlango uliachwa wazi juu.

Si kila tatizo linatokana na kofia, bila shaka. Maumivu ya siku chache za kwanza ni ya kawaida na hupungua. Yakizidi, au uso ukivimba, rudi kliniki mara moja. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji minne, na wa nne ni mwembamba sana, rahisi kupitwa. Kifaa kinaweza kukatikia ndani. Mengi ya hayo hurekebishwa kwa kutibu mzizi upya, au kwa upasuaji mdogo wa kukata ncha yake. Mzizi uliopasuka wima ndio usio na dawa.

Nawadai na madaktari pia. Mgonjwa aambiwe bei ya safari nzima kabla ya sindano ya ganzi. Anaambiwa bei ya mzizi peke yake, anakubali, halafu siku ya mwisho anaambiwa kuna kofia ya maelfu mengine. Mwenye kodi ya nyumba na karo mezani ataondoka na dawa ya muda na ahadi ya kurudi mwisho wa mwezi. Angeambiwa mapema angejipanga. Tena angeelezwa kwamba kofia ya kauri si njia pekee. Ipo ya chuma, ipo ya zirkonia, ipo onlei inayofunika vilele vya gego bila kulikata lote. Hata kuziba kwa amalgamu (ujazo wa madini) au komposi (ujazo wa rangi ya jino) kunakovifunika vilele hivyo ni afadhali mara nyingi kuliko kuacha kuta uchi. Kile kijiti kinachotiwa mzizini hakiongezi nguvu. Kazi yake ni kushikilia ujazo pale ambapo jino limebaki kidogo sana. Kinachotoa nguvu ni jino zima lililosalia juu ya ufizi, angalau milimita 2 za kimo kuzunguka pande zote ili kofia ipate pa kukumbatia. Likikosa hizo, daktari aseme wazi kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

Sasa dada yangu anachagua kati ya mambo matatu asiyoyataka. Daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni, litakata meno mawili mazima ya jirani. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu, ila hayatafuni kama jino. Implanti, yaani jino bandia linaloshikiliwa na skrubu iliyopandikizwa mfupani, ndiyo anayoipenda, na hapa mjini inapita shilingi 100,000 kwa urahisi, mara kadhaa ya bei ya kofia aliyonyimwa. Bima yake hailipii hata moja kati ya hizo.

Kwa hiyo namwandikia kila mwenye sauti kwenye kamati ya wafanyakazi au ofisi ya rasilimali watu. Mkataba wa bima ukija kufanywa upya, fungueni ukurasa wa meno mkiwa mmekaa pamoja. Daini kipengele kinachosema kwamba kufunika gego lililotibiwa mzizi ni sehemu ya matibabu yale yale, kwa idhini moja, tangu siku ya kwanza. Wakileta hoja ya gharama, wekeni mbele yao hizo takwimu za mwaka 2004.

Nawe uliye na dawa ya muda mdomoni tangu miezi iliyopita, piga simu kliniki wiki hii. Kama kofia haiwezekani sasa, omba gego lizibwe kwa ujazo wa kudumu unaofunika vilele, na hadi siku hiyo tafunia upande wa pili.