Nati moja, dumu moja na baunsa wa chumba cha mwisho

Jamani nati ya ekseli ya Subaru Impreza, ile ya katikati ya tairi, sio nati ya kukaza huku unaongea na simu. Ni spana namba 32, ina ukingo mwembamba ambao ukishamaliza kukaza unaubonyeza kwa tindo uingie kwenye kamfereji ka shafti ili isilegee, na kitabu cha gari kinataka ikazwe Nm 190 hivi, yaani nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza. Ukiilegeza beringi inakufa, ukiizidisha beringi inakufa, ukishusha gari chini likabeba uzito kabla hujaikaza napo beringi inakufa. Ile beringi ina roho nyepesi kuliko mchumba wa chuo.

Yangu ni WRX ya 2004, tabo, ile inayonguruma saa kumi na moja alfajiri Tabata nzima inageuka upande wa pili, na mwenye nyumba hajawahi kuipenda hata siku moja. Kava la sivii joint, kile kiungo cha shafti kinachozungusha tairi, lilichanika, grisi ikatapakaa rimu nzima, shafti ikabidi itoke. Sasa fundi niliyemzoea hii nati ana njia moja tu ya kuikaza, anapanda juu ya mkono wa spana anaruka ruka mpaka moyo wake uridhike. Mara ya mwisho moyo uliporidhika beringi ikaanza kulia kabla mwezi haujaisha. Nikasema basi, safari hii nafanya mwenyewe nyumbani, na nafanya kwa namba.

Toki renchi, ile spana inayopima umekaza kiasi gani, sina, na ile kubwa ya maana ukiulizia bei Kariakoo unasema asante unaondoka kwa heshima zako. Lakini toki ni nini bana? Ni nguvu mara urefu wa mkono, tumesoma wote. Nm 190 ni sawasawa na kilo 19.4 zikining'inia mita moja kutoka kwenye nati. Na hakuna nyumba ya kupanga Dar ambayo haina kilo ishirini zinazojulikana: dumu la njano la lita 20! Maji kilo 20, dumu lenyewe kama kilo moja, jumla 21, gawanya, unaning'iniza sentimita 92. Nilijiona nimeshinda wazungu.

Jumapili mchana mwenye nyumba kaenda msibani Kibaha. Nikachukua lile bomba la chuma analofungia geti usiku, urefu kama mita, likaingia kwenye mkono wa boksi spana utadhani walizaliwa pamoja. Dumu nikaazima kwa mama wa chumba cha pili, na hapo mjue maji yalikuwa yamekatika toka Ijumaa kwahiyo lile ndo lilikuwa dumu lake la mwisho, nikamwapia kwamba namrudishia dumu lile lile na maji yake yale yale hata tone halitapungua. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nikamuweka ndani ya gari akanyage breki ili habu, pale tairi linapofungwa, isizunguke, kavaa iafoni zake. Nikamwambia shem, usitoe mguu mpaka mimi mwenyewe nikwambie. Akaniambia sawa shem.

Gari juu ya stendi, tairi nje, bomba limelala, dumu nimelifunga kamba kwenye alama ya 92. Nati ikazunguka kidogo, bomba likainama, dumu likakaa chini. Na dumu likikaa chini halivuti kitu, ni maji tu yamepumzika. Unahamisha spana bomba lilale tena, maana likiinama mkono unakuwa kama umefupika na hesabu yote inaharibika, unaning'iniza upya, linakaa chini tena. Stendi zimefika mwisho, gari haliwezi kwenda juu zaidi. Nikaona suluhisho ni moja, kama gari halipandi basi ardhi ishuke. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba shimo.

Watu wa uswahilini mnajua mtu akionekana anachimba shimo uani wakati mwenye nyumba hayupo inakuwaje. Madirisha yakaanza kufunguka moja moja. Bibi mmoja wa nyumba ya jirani alisimama ukutani akanitazama muda mrefu, hajaniuliza kitu, akaingia ndani akarudi na mwenzake.

Hapo ndo akatokea dogo wa fom foo wa chumba cha nne, ana daftari kabisa. "Anko, na bomba lenyewe je?" Bomba limefanyaje? "Si nalo lina uzito?" Nilitamani kumfukuza lakini alikuwa sahihi mshenzi yule. Tukalichomoa tukalipeleka dukani kwa Mpemba, mzani wa mchele, kilo 3. Dogo akasema uzito wa bomba unashikia katikati, nusu mita, kwahiyo ni kama kilo 1.6 zimekaa kwenye alama ya 92, toa maji lita 1.6. Tukabishana njiani mpaka mlangoni, mwisho nikakubali, nikarudisha bomba nikaning'iniza dumu.

Bomba likakaa. Limelala palee, halishuki hata nywele. Nikaruka juu, 190! Bila toki renchi! Nimeshaokota tindo nipige ule ukingo, dogo akaingiza vidole viwili kwenye mshikio wa dumu akaliinua kama anainua kikombe. "Anko, mbona hatujatoa maji bado na limeshakuwa jepesi?"

Tukafungua. Nusu hamna.

Tukatazamana. Na hapo ndo tukasikia, kutoka bafuni, kwenye nyumba isiyokuwa na maji toka Ijumaa, mtu anaoga huku anaimba.

Akatoka yule baunsa wa chumba cha mwisho, kajifunga taulo, kandambili miguuni, ananukia sabuni mpaka getini. Anafanya kazi usiku kwenye klabu, mtu wa jim, bega lake moja ni mimi mzima. Kumkaripia hakuna aliyejitolea. Ila mwenyewe alipoona tunavyolitazama dumu akaona aibu kidogo, akasema, "Broo, mi nilijua unamwagilia shimo. Kwani mlikuwa mnataka kilo ngapi? Nitumieni mimi."

Dogo tayari kashafungua daftari. "Braza una kilo ngapi?" Mia na nne, tena kasema huku anajipiga kifua. Dogo akakokotoa, akafuta, akakokotoa tena. "Inabidi usimame sentimita 17 kutoka kwenye nati."

Sasa kisayansi dogo yuko sawa mia kwa mia. Shida ni kwamba jamaa anavaa kiatu namba 46, hizo sentimita 17 zinaishia katikati ya unyayo. Akaweka mguu pale, ukagusa fenda, akaweka vidole tu, vikateleza kwa ile grisi. Akasema hapa hapafai, mimi nasimama huku kwenye alama yenu. Dogo akapiga kelele, "Braza hapana, huko ni mara tano!" Na kweli, kilo 104 sentimita 92 inakuja zaidi ya Nm 900, hiyo sio Impreza hiyo ni Scania. Lakini mtu wa kilo 104 akishaamua kupanda unamshushaje?

Akapanda.

Bomba kwanza lilikunjika taratibu, kwa adabu kabisa, halafu mkono wa spana uliokuwa ndani ukakatika PAAA, kuku wote wa mtaa wakaruka, na baunsa akaondoka wima kama alivyosimama mpaka ndani ya shimo, mguu mmoja ndani ya shimo mwingine juu ya dumu, dumu likapasuka, maji ya mama wa chumba cha pili yote yakaingia kwenye udongo yakawa tope, na taulo likabaki limening'inia kwenye nati.

Ndo geti linafunguliwa. Mwenye nyumba karudi, na hajarudi peke yake, kaja na mjumbe, maana wale bibi wawili wa ukutani walishampigia simu kwamba mpangaji wako wa gari la kelele anachimba shimo anazika kitu. Mzee akaangalia shimo, akaangalia jitu lililomo ndani ya shimo halina nguo limepakaa tope, akaangalia bomba lake la geti limepinda. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mnafanya nini kwangu?"

Nikaanza, mzee shikamoo, ni Nm 190... Dogo akafungua daftari kumuonyesha. Hiyo ilizidisha, mjumbe alipoona zile namba na mishale akarudi nyuma hatua mbili.

Kikao kikakalishwa pale pale. Mama wa chumba cha pili alidai dumu na maji, mzee akadai bomba na shimo lifukiwe mbele ya macho yake baada ya mjumbe kulichokonoa kwa fimbo kuhakikisha hakuna kitu, baunsa akadai taulo. Mimi nikalipa vyote kasoro taulo. Gari lenyewe kesho yake alikuja fundi mwingine na toki renchi yake, nati ile tukaitupa, akaweka mpya akavuta ikalia klik, akapiga ukingo kwa tindo akaondoka, hata chai hakunywa. Beringi ilisalimika sijui kwa dua za nani, nadhani ule mkono uliokatika ndo uliiokoa.

Lakini usiku ule, kikao kimeisha, watu wametawanyika, geti limefungwa kwa ufagio, nikawa nakusanya spana gizani nikasikia kioo cha gari kinagongwa kutoka ndani. Nikafungua mlango. Shemeji kakaa vile vile, simu imeisha chaji, jasho linamtiririka, mguu uko juu ya breki unatetemeka.

"Shem, huu mguu umekufa ganzi, niutoe?"

Nikamwambia toa mama, toa.

"Kwani imekaza?"